Viwango vya chakula: tuanze na unga wa muhogo

Mnunuzi wa unga wa muhogo katika soko kuu la Bunia hana mashine ya kupimia. Ana vidole, pua na ulimi. Huchota unga kidogo kwenye beseni, huusugua kati ya kidole gumba na cha shahada kusikia kama una mchanga, huunusa, kisha huweka chembe chache ulimini. Ukiwa mchungu hutema na kuhamia meza ya jirani. Ukimridhisha, hubaki na swali moja tu: "Mama, unga huu umetoka wapi?" Jibu atakalopewa, iwe Komanda, Mahagi au ng'ambo ya Uganda, ndicho cheti pekee cha ubora atakachorudi nacho nyumbani.

Kipimo cha ulimi kina hekima yake. Uchungu wa muhogo huandamana na sumu ya sianidi, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya maabara yoyote kujengwa. Lakini ulimi hauhesabu. Hauwezi kusema kama kilo ya unga ina miligramu 8 za sumu au 80. Na kwa mahindi na karanga ulimi haufai kitu, kwa sababu sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka, haina ladha wala harufu. Hapo ndipo nchi inapohitaji viwango vya chakula: maandishi yanayotaja chakula chenyewe, kikomo cha sumu, unyevu na uchafu, jinsi ya kupima, na nani mwenye kazi ya kupima.

Kongo imeingia katika kipindi ambacho viwango hivyo vitapokewa na kubadilishwa kwa wingi. Kubishana kama vije au visije ni kupoteza muda, kwani vinakuja. La kuamua ni kipi kianze, kipi kifuate, na nani apange foleni hiyo. Msimamo wa makala haya ni kwamba foleni ipangwe kwa kutazama sahani ya mwananchi, na kwamba kwa sahani ya mkoa wetu wa Ituri, wa kwanza mlangoni awe unga wa muhogo.

Saa ya miezi sita

Tarehe 8 Aprili 2022, jijini Nairobi, Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Wengi wetu tuliipokea habari hiyo kama habari ya pasipoti, barabara na majeshi. Wachache walifungua Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 inayohusu viwango, uhakiki wa ubora na vipimo. Sheria hiyo inaagiza kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kikishatangazwa, kila nchi mwanachama ikipokee kuwa kiwango chake cha taifa ndani ya miezi sita, bila kubadilisha maandishi yake, na ifute kiwango chake cha zamani kinachohusu jambo lile lile.

Kenya, Uganda na Tanzania zimekaa miaka mingi kwenye kamati zinazoandika viwango hivyo. Zinapovipokea, zinapokea kitu zilichokijadili. Kongo imefika wakati kabati limekwisha kujaa: viwango vya mahindi, maharagwe, muhogo, maziwa, chumvi, mafuta ya kupikia, maji ya chupa na vingine vingi. Kila kimoja kinadai kifaa, mtaalamu, mafunzo na fedha. Tukijaribu kuvipokea vyote kwa pamoja, tutavipokea kwenye karatasi tu.

Tena Jumuiya si mlango wetu wa pekee. Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1997, imo katika COMESA na SADC, na inashiriki katika Codex Alimentarius, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula. Mwenye kubeba kazi hii nchini ni Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua kwa herufi tatu, OCC. Iliundwa Januari 1974, nayo hukagua ubora, wingi na bei ya bidhaa.

Makao makuu ya OCC yako Kinshasa, karibu kilomita 1,800 kutoka Bunia kwa mstari wa ndege. Kampala iko karibu kilomita 300. Umbali huo ndio unaoamua sokoni mwetu kuna nini. Chumvi, sabuni, mafuta na unga wa kiwandani vinatujia kupitia Mahagi, Aru, bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert, au Kasindi na barabara ya Beni. Ofisi ya Kinshasa ikipanga foleni ya viwango kwa kutazama makontena ya bandari ya Matadi, itaanza na kuku wa kugandishwa, maziwa ya unga na nyanya za kopo. Vyakula hivyo vinahitaji ulinzi, sikatai. Lakini havimo katika chungu cha jioni cha nyumba nyingi za Mudzipela au Nyakasanza.

Wengine wanapangaje?

Codex ilianzishwa mwaka 1963 na FAO na WHO, na tangu zamani imejua kwamba haiwezi kuandika kila kitu kwa siku moja. Nchi inayotaka kiwango kipya haiendi mikono mitupu. Huleta hati ya mradi inayoeleza lengo la kiwango, kwa nini kinahitajika sasa, chakula hicho kinazalishwa na kuliwa kwa kiasi gani, kinauzwa kati ya nchi zipi, sheria za nchi hizo zinapishana wapi, na kama lipo shirika jingine linalofanya kazi hiyo hiyo. Hati hutaja pia muda: kwa kawaida kazi isizidi miaka 5. Kamati tendaji huipima hati hiyo kabla ya mkutano mkuu kuipa ruhusa, kisha rasimu hupita hatua zisizozidi 8, na nchi wanachama hupewa nafasi ya kusema.

Utaratibu huo una fundisho ambalo hata mkoa unaweza kulitumia: anayetaka kiwango aeleze hadharani kwa nini chake kitangulie. Kwa Ituri maswali matatu yanatosha. Je, chakula hiki kinaliwa na watu wengi, kila siku? Je, kikiharibika kinadhuru kwa kiasi gani, na kinamdhuru nani? Na je, tunaweza kukipima na kukirekebisha hapa hapa, kwa vifaa tulivyonavyo au tunavyoweza kununua?

Maswali haya yanahusu uhai. Mwaka 2015 WHO ilikadiria kwamba katika kanda yake ya Afrika chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 91 kuugua kila mwaka na kuwaua 137,000. Hakuna kanda iliyokuwa na mzigo mkubwa zaidi ukilinganishwa na idadi ya watu wake.

Muhogo kwanza

Tuanze na swali la kwanza. Fufu ya muhogo, yenyewe au ikiwa imechanganywa na mahindi, ndiyo inayoshibisha Ituri. Majani ya muhogo huo huo ndiyo sombe yetu. Mwenye nacho hula na samaki au nyama, asiye nacho hula na sombe peke yake, lakini fufu haikosi.

Swali la pili lina majibu ya kuhuzunisha ndani ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alichapisha maelezo ya ugonjwa wa konzo, uliokuwa umeonekana Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. Miguu hupooza ghafla, yote miwili, na ulemavu huo hauponi. Wanaopigwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo ni kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu vizuri, huku mlo ukikosa vyakula vya kujenga mwili.

Watafiti waliofanya kazi Bandundu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliona jambo linalopaswa kutushtua sisi watu wa Bunia. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipofunguka, wachuuzi walidai muhogo mwingi kwa haraka, na wakulima wakapunguza siku za kuuloweka. Muhogo ulikuwa ule ule na maji yale yale. Kilichobadilika ni haraka. Msumbiji nako, wakati wa ukame wa mwaka 1981 katika mkoa wa Nampula, zaidi ya watu 1,000 walipooza baada ya njaa kuwalazimisha kula muhogo mchungu bila kuutayarisha inavyotakiwa.

Kuloweka, kuvundika na kuanika muhogo kunataka siku kadhaa, maji na utulivu. Familia inayokimbia kutoka kijiji cha Djugu usiku haina hata kimoja cha hivyo vitatu. Tangu mapigano yaliporudi mwishoni mwa mwaka 2017, mamia ya maelfu ya watu wamehama na kurudi na kuhama tena. Mtu wa namna hiyo huchimba shamba kabla ya wakati, huanika kando ya barabara, huuza kabla mihogo haijakauka. Vita vinafupisha kazi ya muhogo kama soko lilivyoifupisha Bandundu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuona matokeo. Septemba 2017 huko Kasese, Uganda, ng'ambo ya Kasindi, watu 98 walilazwa au kutibiwa baada ya kula ugali wa unga wa muhogo, baadhi yao wakiwa wamekusanyika msibani. Wawili walifariki. Unga uliopimwa ulikutwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, ilhali kikomo cha Codex ni 10. Kikomo hicho cha 10 kimo katika kiwango cha Codex cha unga wa muhogo tangu mwaka 1989, na kimo pia katika kiwango cha Afrika Mashariki cha unga wa muhogo, EAS 740. Maandishi basi yapo. Kilichokosekana Kasese ni mtu wa kupima unga kabla haujafika kwenye sufuria.

Swali la tatu ndilo linaloupa muhogo nafasi ya kwanza bila ubishi, kwa sababu kipimo chake ni rahisi na tiba yake iko mikononi mwa akina mama. Kipo kifaa kidogo cha kupimia kilichobuniwa Australia, katika chuo kikuu cha taifa cha nchi hiyo, na timu ya Howard Bradbury. Unga kidogo huwekwa ndani ya kichupa pamoja na maji na kipande cha karatasi ya njano, kisha hufunikwa hadi kesho yake. Sumu ikiwa nyingi, karatasi hugeuka kahawia, na rangi hiyo hulinganishwa na chati kupata kiasi. Hakihitaji umeme wa saa zote, wala jengo la maabara.

Timu hiyo hiyo ilisambaza njia ya kulowesha unga, ambayo Programu ya Taifa ya Lishe, PRONANUT, iliipeleka katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, kuanzia mwaka 2010. Mama huweka unga katika beseni na kutia alama pale unga unapofikia. Huongeza maji kidogo kidogo huku akikoroga. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda hadi kwenye ile alama. Hapo huacha kutia maji. Huutandaza mchanganyiko juu ya mkeka, tabaka jembamba lisilofika sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sianidi hupotea hewani. Jioni anapika fufu yake kama kawaida. Kijijini hapo hapakuonekana wagonjwa wapya wa konzo baada ya akina mama kuifuata njia hiyo. Kiwango kinachokuja na dawa ya namna hii hakimwachi mfanyabiashara na hukumu tu. Kinampa njia ya kurekebisha bidhaa yake.

Mahindi na karanga zifuate

Nafasi ya pili ni ya mahindi na karanga. Sumukuvu iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 walioandikishwa mashariki mwa Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, baada ya mahindi kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Hata pale isipoua kwa siku chache, sumukuvu huharibu ini na kusababisha kansa yake, na watafiti wengi wanaihusisha na kudumaa kwa watoto. Katika nchi ambayo zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, hatuwezi kulifumbia macho hilo.

Upande wa biashara nao unatugusa. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinaruhusu mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha baada ya siku chache ikayafungulia kwa masharti ya cheti. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Sudan Kusini kuyazuia malori ya Uganda. Mzigo uliokataliwa kaskazini na mashariki hautupwi mtoni. Mwenye mzigo hutafuta mpaka usiopima, na sisi tumepakana na Uganda kuanzia Aru hadi ziwani. Tukikawia kupima, tutakuwa ndio mpaka huo.

Hapa kipimo ni kigumu kidogo kuliko cha muhogo, na ndiyo maana nimeyaweka mahindi nafasi ya pili. Vipimo vya haraka vya sumukuvu vinauzwa, lakini bei yake ni ya ghala na mpaka, si ya meza ya sokoni. Unyevu lakini unaweza kuchunguzwa na mkulima yeyote. Chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye glasi, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuingia gunia. Chupa haitoi cheti cha EAS 2, lakini inamwambia mkulima wa Mahagi arudishe mahindi juani kabla ukungu haujaanza kazi.

Chumvi imekwisha kutuonyesha

Wapo wanaosema kwamba nchi yetu ni kubwa mno na imechoka mno kwa kazi za namna hii. Historia ya chumvi inawajibu. Uele, jirani zetu wa kaskazini-magharibi, Ubangi na kisiwa cha Idjwi vilijulikana duniani kwa rovu na kwa watoto waliozaliwa na akili na mwili visivyokua. Watafiti, akiwemo François Delange aliyefanya kazi Idjwi miaka ya 1960, walionyesha kwamba ukosefu wa madini joto ndio chanzo, na kwamba muhogo usiotayarishwa vizuri huongeza madhara. Katika miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ikafanywa lazima na kusambazwa nchini, na hali ya rovu ikabadilika sana, hata katikati ya vita.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu tatu. Kiwango kilikuwa kimoja, si mia. Kiligusa chakula ambacho hakuna nyumba inayokosa. Na kipimo chake kilikuwa tone la dawa linalogeuza chumvi kuwa zambarau, ambalo mkaguzi wa mpakani, muuguzi au mwanafunzi wa shule anaweza kulitumia. Kongo ilishinda pale ilipochagua kitu kimoja na kukifuatilia.

Kiwango kisigeuzwe kizuizi

Mama anayevuka na magunia matatu ana sababu ya kuogopa neno kiwango. Amekwisha kukutana na vizuizi vingi barabarani, vya wenye sare na wasio na sare, na kila kimoja kinadai fedha kwa jina jipya. Amri ya serikali ya mwaka 2002 ilitaja idara nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: forodha, OCC, uhamiaji na afya ya mipakani. Anayepita Mahagi anajua kwamba hesabu ya mezani mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo kila kiwango kinachotangazwa Ituri kije na masharti yanayombana pia mwenye kukisimamia. Ada iandikwe ukutani kwa faranga, na risiti itolewe. Kipimo kifanyike mbele ya mwenye mzigo. Unga ukizidi kikomo, mama apewe nafasi ya kuulowesha au kuukausha upya kabla ya kunyang'anywa. Na kwa mwaka wa kwanza OCC ipime na kufundisha bila kutoza faini, ili wote wajue hali ilivyo.

Vilevile kiwango kiandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Februari 2021 kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mama wa soko la Bunia hawezi kutii karatasi ya Kifaransa iliyofungiwa kabatini.

Ratiba ambayo Ituri inaweza kuidai

Hatua ya kwanza ni meza moja mjini Bunia, yenye OCC, idara za kilimo na afya za mkoa, wawakilishi wa akina mama wa masoko, wenye vinu, wafanyabiashara wa mipakani na wakulima. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Nioka, kilicho katika wilaya ya Mahagi, na vyuo vikuu vya mjini vilete wataalamu na wanafunzi wa kukusanya sampuli. Meza hiyo iandike orodha ya vyakula kumi vinavyoliwa zaidi, ivipitishe katika maswali matatu, na itangaze foleni yake kupitia redio ili kila mtu aihoji.

Pendekezo langu la foleni ni hili. Mwaka wa kwanza, unga wa muhogo, pamoja na ukaguzi wa madini joto katika chumvi, ambao tayari una kipimo rahisi. Mwaka wa pili, mahindi na karanga, kuanzia maghala na mipaka. Mwaka wa tatu, samaki wa chumvi na wa moshi wanaotoka Kasenyi na Tchomia, ambao wengi huanikwa chini na kufika sokoni na mchanga. Kiwango chao kianze na vichanja vya kuanikia na ufungaji safi, kisha kiende kwenye vipimo vya maabara. Mafuta ya mawese, maziwa na vinywaji vikali vifuate, kila kimoja kikiwa na hati yake na tarehe yake ya kumalizika. Na kila baada ya miaka 5 foleni ipangwe upya, kwa sababu chakula cha mji hubadilika.

Orodha hiyo ipelekwe Kinshasa, na Kinshasa iipeleke kwenye kamati za viwango za Jumuiya, ambako kiti cha Kongo hakipaswi kubaki kitupu. Unga wetu na wa Waganda unavuka mpaka ule ule. Nchi inayofika na takwimu zake za sianidi na sumukuvu husikilizwa. Inayofika mikono mitupu hupewa karatasi ya kutia saini.

Mkurugenzi wa OCC mkoani na wenzake wa afya na kilimo wanaweza kuanza bila kusubiri bajeti kubwa wala amani kamili. Masoko ya Bunia yanajulikana, vinu vinajulikana, na karatasi ya njano ya kupimia sianidi inapatikana. Wachukue sampuli za unga msimu huu, watangaze matokeo kwa Kiswahili, na mnunuzi anayeuliza unga umetoka wapi aanze kupewa pia jibu la swali la pili: una sumu kiasi gani. Ana haki ya kulijua hilo kabla hajamlisha mtoto wake.